Kiwanja Kitupu: Historia ya Sharti la Kujenga, tangu Nachingwea hata Kilimarondo

Pembezoni mwa miji yetu, mikubwa kwa midogo, msafiri aghalabu huona jiwe la saruji limezikwa ardhini, kichwa chake kimeandikwa herufi na namba, na majani yamelifunika hata nusu. Jiwe hilo laonyesha ya kuwa serikali imekwisha kupita hapo. Mchoraji amekwisha kuchora, mpima amekwisha kupima, karani amekwisha kuandika jina la mtu katika daftari, na mahali hapo pamekwisha kuitwa mahali pa makazi. Lililobaki ni nyumba, na nyumba haipo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi serikali zilizotawala nchi hii zilivyojaribu, kila moja kwa njia yake, kumfanya mwenye ardhi iliyopangwa aijenge. Na kuuliza ni kwa nini jiwe limebaki peke yake mahali pengi hivyo. Tumechagua kuyatazama mambo haya tukiwa tumesimama Kilimarondo, kata ya wilaya ya Nachingwea katika mkoa wa Lindi. Huenda msomaji akashangaa, maana habari za viwanja na ramani huhesabiwa kuwa habari za Dar es Salaam. Walakini ni sehemu chache za Tanzania zilizochorewa ramani kubwa kuliko wilaya hii, na ni chache zilizoonja kwa uchungu zaidi tofauti iliyopo kati ya ramani na nchi.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Kwa amri ya tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Wadachi ilitangaza ya kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola. Ni nani aliyekuwa na ardhi na nani hakuwa nayo, hilo liliamuliwa na Wadachi wenyewe. Waingereza walipokuja, sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana, isipokuwa ile iliyokwisha kumilikiwa kabla ya hapo. Mtu hakupewa ardhi, alipewa haki ya kuikalia kwa muda usiopita miaka 99, tena kwa masharti. Akivunja masharti, Gavana aweza kumfutia haki yake. Hapo ndipo ulipozaliwa mzizi wa sharti la kujenga: aliyepewa kiwanja hakupewa mali ya kuweka kabatini, amepewa kazi ya kufanya.

Wazo hilo lina haki ndani yake, wala si vema kulidharau. Ikiwa ardhi ni ya wote, basi anayeizuia bila kuitumia amewadhulumu wote. Lakini wazo hilo lina upande wa pili, ambao watawala hawakupenda kuutazama. Ikiwa raia aweza kunyang'anywa ardhi kwa sababu hakuitumia, je, ni nani atakayeinyang'anya serikali ardhi ambayo serikali yenyewe imeichora, imeitenga, kisha ikashindwa kuitumia?

Nachingwea ililijibu swali hilo mapema. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza ya kuwa upungufu wa mafuta ya kula huko Uingereza uondolewe kwa kulima karanga katika Afrika ya Mashariki. Wajumbe watatu wakiongozwa na John Wakefield wakaja kuikagua nchi mwaka huo huo. Ramani waliyoitengeneza ilikuwa na mashamba 107, kila shamba eka 30,000. Kati ya hayo 80 yalikuwa Tanganyika, na 55 katika Jimbo la Kusini peke yake. Gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 25 hivi. Kwa ajili ya Jimbo la Kusini ilibidi reli ijengwe kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hata Nachingwea; na bandari ya maji marefu ijengwe Mtwara, pamoja na mji mpya wenye barabara pana zilizonyoka.

Haikupatikana nafasi nyingine katika historia yetu ambapo ardhi iliyopangwa ilikuwa na nguvu kubwa hivyo nyuma yake. Fedha zilikuwapo, matrekta yalikuwapo, amri ilikuwapo, wala hapakuwa na mmiliki mvivu wa kulaumiwa. Hata hivyo ardhi ilikataa. Mvua haikufuata kalenda ya London, udongo ulivunja majembe ya mashine, na visiki vya miti vilikuwa vigumu kuliko hesabu za waliovihesabu kutoka ndegeni. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza ya kuwa mpango umekwisha, baada ya pauni zipatazo milioni 36 kupotea. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga iliyokusudiwa kupita hapo haikuwapo tena. Reli ilisukumwa mbele kwa miaka michache, kisha mwaka 1962 ikafungwa.

Mji wa Nachingwea haukufa. Ulibaki na nyumba, hospitali, kiwanja cha ndege na njia pana, ukawa makao ya wilaya. Na katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji wa chama cha Frelimo wakapewa kambi ya mafunzo karibu nao. Mtwara nayo ilikaa miaka mingi kama mtoto aliyevikwa kanzu ya babake, nafasi tupu zikiwa nyingi kuliko nyumba. Fundisho la kwanza ni hili: mchoro waweza kutangulia watu, lakini hauwezi kuwaita. Watu huitwa na maji, njia, na kazi yenye kipato.

Tena ni ajabu ya kukumbukwa kwamba serikali ile ile ya chama cha Labour iliyotuletea karanga ilikuwa, katika miaka ile ile, ikijaribu nyumbani kwake kulitatua tatizo la ardhi ya kujengwa. Sheria yao ya mipango ya miji ya mwaka 1947 ilitoza serikalini ongezeko lote la thamani lililotokana na ruhusa ya kujenga. Wenye ardhi walijibu kwa kukaa kimya: hawakuuza, hawakujenga, walingoja serikali ibadilike. Ilibadilika, na tozo likaondolewa mwaka 1953. Kwa hiyo tusidhani kwamba kiwanja kitupu ni ugonjwa wa nchi maskini.

Uhuru ulipopatikana, neno likageuka sauti. Mwaka 1958 Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuandika kijitabu chake *Mali ya Taifa*, akitoa hoja ya kuwa ardhi ni zawadi ya Mungu, na mtu aweza kudai jasho lake alilolitia katika ardhi lakini si ardhi yenyewe. Kutoka katika hoja hiyo zilitoka sheria za mwaka 1963. Ardhi zote zilizokuwa zikimilikiwa moja kwa moja bila mwisho ziligeuzwa kuwa za kupanga kutoka serikalini kwa miaka 99, pamoja na kodi na masharti ya kuziendeleza. Mwaka 1969 hata upangaji huo uligeuzwa kuwa haki ya kukalia, kama ile ya mwaka 1923. Asiyeendeleza aliweza kupoteza. Jasho likawa ndiyo hati ya kweli.

Lakini jasho la nyumba ya mjini halitoshi bila saruji na bati, na serikali ilijua hivyo. Kwa sababu hiyo Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwa limeundwa mwaka 1962, na Benki ya Nyumba ya Tanzania ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Tangu mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mpango wa viwanja na huduma: serikali ipime viwanja, ilete maji na barabara, kisha mwananchi ajijengee mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya zilitangulia, na miji mingine ikafuata. Sinza na Kijitonyama za leo ni matunda ya mpango huo. Nyumba zilijengwa kwa wingi, na hilo ni ushahidi wa nguvu ya maji na barabara. Walakini viwanja vingi vilivyokusudiwa maskini viliishia mikononi mwa wenye nafasi, kwa kuwa maskini, aliposhindwa kumaliza kwa muda uliowekwa, alimwuzia aliyeweza. Sharti lililowekwa ili kumlinda mnyonge lilimwondoa mnyonge. Benki ya Nyumba nayo ilifungwa mwaka 1995.

Huku mashambani jambo lilichukua sura nyingine kabisa. Tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa ya kuwa kuishi vijijini si hiari tena, na kwamba kabla ya mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia kijijini. Katika nchi ya kusini kazi hiyo ilikuwa imeanza mapema, kwa ajili ya vita vya Msumbiji vilivyokuwa ng'ambo ya Ruvuma. Viwanja vilipimwa kwa kamba na hatua, nyumba zikapangwa kwa mistari, na watu wakaambiwa wajenge. Hapa sharti la kujenga halikuwa na miezi ya kungoja wala barua ya onyo. Nyumba zilijengwa, kwa kuwa hapakuwa na pa kurudi, lakini zilijengwa mbali na mashamba, mbali na mikorosho iliyokuwa imekwisha kukua, na mara nyingine mbali na maji. Mikorosho iliyoachwa bila kupaliliwa ikamezwa na pori, na mavuno ya korosho ya nchi yakaanguka baada ya miaka hiyo. Hivyo historia ya wilaya hii inazo pande zote mbili: ardhi iliyopangwa bila watu, na watu waliopangwa bila kuulizwa ardhi yao.

Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi, chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji. Baada yake ikaja Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha sheria mbili za mwaka 1999, Namba 4 kwa ardhi kwa jumla na Namba 5 kwa ardhi ya vijiji, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Chini ya sheria ya kwanza mtu apewaye kiwanja cha mjini hupokea hati yenye masharti. Kwa kawaida hutakiwa aombe kibali cha ujenzi mapema na amalize kujenga katika miezi 36. Asipofanya hivyo aweza kuonywa, kutozwa faini, na mwishowe Rais aweza kuibatilisha milki yake.

Tuseme kweli: sheria hiyo si ya kikatili katika maandishi yake. Yamtaka Kamishna wa Ardhi, kabla hajachukua hatua, autazame uzito wa kosa, mambo yaliyolisababisha, na kama sharti lenyewe laweza kurekebishwa. Lakini milango hiyo ya huruma imeandikwa ndani ya kitabu, na hesabu ya miezi imeandikwa juu ya hati. Mwenye kiwanja huijua hesabu tu. Mwenye wakili huijua milango.

Na sasa tuitazame hesabu yenyewe kwa macho ya mkulima wa Nachingwea. Mkulima huyu hujenga kwa korosho, ufuta na mbaazi. Hapokei mshahara wa mwezi, hupokea fedha za msimu. Mwaka mmoja hufyatua na kuchoma matofali, mwaka wa pili husimamisha kuta, mwaka wa tatu hununua bati akijaliwa. Kwake yeye miezi 36 ni misimu 3 tu. Basi tuchukue mfano wa mtu aliyepewa kiwanja mwishoni mwa mwaka 2016. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India iliwekea mipaka mbaazi zitokazo nje, na bei ya mbaazi katika nchi yetu ikaanguka vibaya. Mwezi wa Novemba 2018, baada ya wakulima kuikataa bei ya wanunuzi, serikali ya Tanzania iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuliweka jeshi kuzisomba. Na malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Muda wa mtu wetu ulikwisha mwaka 2019. Katika misimu yake 3, mmoja uliharibiwa na uamuzi wa New Delhi na mwingine ukacheleweshwa na uamuzi wa serikali yake mwenyewe. Pagale lake limesimama bila paa. Je, huyu ni mlanguzi wa ardhi?

Mlanguzi yupo, wala hatumkani. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo makubwa pembezoni mwa jiji, kama Bunju, Kibada na Buyuni. Viwanja vilinunuliwa upesi, lakini vingi vilikaa miaka mingi bila nyumba. Baadhi ya wenyewe walikuwa wakingoja maji na umeme. Wengine walikuwa wakingoja bei, na hao walifanya hesabu iliyo sahihi kabisa kwa mfuko wao. Mtwara nayo, habari za gesi zilipoenea katika miaka iliyotangulia 2013, viwanja vilipanda bei na watu wa mbali wakaja kununua ardhi wasiyokusudia kulala juu yake hata usiku mmoja.

Tunaona basi ya kuwa utupu wa kiwanja una sababu tatu zilizo mbali mbali: kuna kiwanja kinachongoja fedha, kuna kinachongoja huduma, na kuna kinachongoja bei. Kwa macho vyote ni majani na jiwe. Sheria ya miezi huvihesabu kwa kipimo kimoja, na kwa hiyo humpiga zaidi asiyestahili kupigwa. Anayengoja bei ana fedha: aweza kusimamisha ukuta mmoja akaita ni ujenzi, au akalipa faini, au akauza kwa faida siku moja kabla ya barua. Anayengoja fedha hana lolote kati ya hayo.

Tena kodi zetu zimekuwa zikimsaidia yule yule. Kodi ya pango la ardhi hulipwa na aliyejenga na asiyejenga. Lakini kodi ya majengo, ambayo tangu Julai 2021 hukatwa pamoja na manunuzi ya umeme, humwangukia aliyejenga peke yake. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikaongezwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Si fedha nyingi, lakini maana yake ni kubwa: anayetii sharti la serikali hulipa zaidi ya anayelivunja. Nchi nyingine zimejaribu kuigeuza mizani hiyo. Ireland, kwa sheria ya mwaka 2015, iliweka tozo juu ya viwanja vitupu, asilimia 3 ya thamani ya kiwanja, kisha 7. Mwaka 2021 ikatunga kodi nyingine ya asilimia 3 kwa mwaka juu ya ardhi iliyotengwa kwa makazi na kufikiwa na huduma. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayofaa kuzingatiwa: *na kufikiwa na huduma*. Mwenye ardhi asiyefikiwa na maji wala barabara hadaiwi. Serikali yatimiza wajibu wake kwanza, ndipo ipate haki ya kuuliza.

Hapa turudi Kilimarondo. Katika vijiji vya nchi yetu sheria inayotawala ni ile ya pili, Namba 5. Nayo pia yajua habari ya ardhi iliyoachwa. Lakini yaseme ya kuwa ardhi imetelekezwa, ni lazima iwe imekaa bila kutumiwa kwa muda usiopungua miaka 5. Na kabla ya kuamua, yataka itazamwe hali ya uwezo wa mwenyewe, hali ya hewa ya miaka ya karibuni, na desturi ya mahali kama kupumzisha ardhi. Sheria ya kijiji yajua mvua. Yajua kuwa mtu aweza kuwa maskini bila kuwa mzembe. Hekima hiyo ilitoka kwa watu wanaoishi karibu na ardhi, kwani baraza la kijiji humjua kila mmoja kwa jina, na hujua kama mwenye kiwanja kile ni mjane anayengoja korosho au ni tajiri anayengoja barabara.

Hatari ni kwamba mji hukua. Katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilizikopesha halmashauri fedha bila riba ili zipange, zipime na kumilikisha viwanja, na fedha hizo zirudishwe kutokana na mauzo ya viwanja. Ni jambo jema kwa nchi ambayo nyumba nyingi za miji yake zimejengwa kabla ya ramani. Lakini halmashauri inayodaiwa hupenda mnunuzi wa haraka, na mnunuzi wa haraka aghalabu ndiye anayengoja bei. Siku ardhi ya kijiji inapogeuzwa kuwa eneo la mipango miji, mwenyeji hutoka chini ya sheria inayouliza habari za mvua, akaingia chini ya hati inayohesabu miezi. Usiku mmoja tu, na yeye hajasogea hatua moja.

Wako wasemao kwamba sharti la kujenga lifutwe kabisa. Sisi hatusemi hivyo. Kulifuta ni kuwakabidhi walanguzi funguo za miji yetu, na kuisahau hoja ya mwaka 1958, ambayo bado ina uzito. Tunalolisema ni kwamba historia ya miaka mia na zaidi yaonyesha mahali sharti lilipofaa na mahali lilipodhuru. Lilifaa pale huduma zilipotangulia, kama Sinza. Lilidhuru pale lilipotangulia huduma, au lilipopimwa kwa mshahara ambao mwananchi hana. Muda uhesabiwe tangu siku maji na njia vilipofika. Kwa mkulima, uhesabiwe kwa misimu, na msimu ulioharibika kwa sababu isiyo yake usihesabiwe. Mzigo wa fedha umwangukie anayekalia kiwanja kilichofikiwa na kila kitu, na apunguziwe anayejenga. Na kabla ya kufuta milki ya mtu, aulizwe anayemjua.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kadhalika kiwanja kitupu si majani yake. Nachingwea iliwahi kutazamwa kutoka juu, ikaonekana kuwa nchi tupu inayongoja kupangwa, na pauni milioni 36 zikapotea kwa ajili ya mtazamo huo. Afisa anayesimama leo mbele ya jiwe la saruji, akiwa na orodha ya viwanja visivyojengwa mkononi, anatazama kwa macho yale yale iwapo hajui nani anangoja nini. Na aliyeandikwa katika orodha hiyo, mwenye matofali yake yaliyokwisha kuchomwa na kufunikwa kwa nyasi yasilowe, hana njia ya kumwambia isipokuwa aulizwe.